Kodi ya Miezi Sita Bado Si Pesa Yako

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, habari za asubuhi.

Katibu aliponipigia simu alisema, "Mama, tunaomba uje utuambie makosa ya watu wanaoanza kujenga nyumba za kupangisha." Akaniambia pia kwamba fomu nyingi za mkopo mwaka huu zimeandikwa sababu ileile: vyumba vya kupangisha. Nilifurahi, maana vyumba hivyohivyo ndivyo vilivyonisaidia kusomesha watoto wawili. Halafu nikaogopa. Mkopo wa mwalimu unakatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi. Ukiununulia kiwanja chenye mgogoro, makato hayasubiri mgogoro uishe.

Nitasema ya hapa Dar es Salaam, niliyoyaona na yaliyonipata. Wenzangu wa Mwanza na Dodoma bei zenu ni nyingine, lakini naamini mtayatambua.

Vyumba vyangu sita vya kwanza nilivimaliza mwishoni mwa mwaka 2009, Kimara, ndani kabisa ambako ukishuka kwenye daladala unatembea. Vyumba vya kawaida, kimoja kimoja, choo na bafu uani. Kodi shilingi 30,000 kwa mwezi. Desturi ya mji wetu mnaijua: mpangaji anatanguliza miezi sita. Ndani ya wiki moja wakaingia wapangaji wanne, nikahesabu mezani kwangu shilingi 720,000. Katika maisha yangu ya ualimu sikuwahi kushika pesa kama hiyo kwa mkupuo mmoja. Nikanunua makochi. Nikatoa mchango wa harusi wa maana, ule ambao jina linasomwa kwa kipaza sauti. Nikalipa ada ya mtoto mpaka mwisho wa mwaka. Mwezi Januari haujaisha, pesa imekwisha.

Aprili masika yakaingia. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita, kijana wa chumba cha tatu, aliyekuwa anauza mitumba Karume. "Mama, njoo uone." Nilipofika ua wote ulikuwa umelowa. Shimo la choo lilikuwa limejaa maji ya chini na limeanza kurudisha. Walikuwa wamepanga vipande vya tofali kutoka mlangoni hadi kwenye bomba ili wapate pa kukanyaga. Mama mmoja amembeba mtoto mgongoni, ndoo mkononi, amesimama juu ya tofali moja anaangalia tofali la pili liko wapi. Akaniona. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama mwenye nyumba, sisi tumeshalipa."

Gari la kunyonya lilitaka 70,000. Sikuwa nayo. Nilikwenda kugonga kwa jirani kukopa, mimi niliyepokea laki saba miezi minne iliyopita.

Neno la yule mama nimekaa nalo miaka yote hii. Kabla ya siku ile nilijiona mimi ndiye ninayedai: nina nyumba, watu wanakaa ndani, wananilipa. Kumbe mpangaji akishatanguliza miezi sita, mambo yamegeuka. Ana haki ya miezi sita ya paa lisilovuja, choo kinachofanya kazi, lango linalofungwa, na usingizi. Amelipia. Mimi ndiye mdaiwa, na pesa aliyonipa ni yake mpaka nitakapoilipa kwa kumpa makazi, mwezi baada ya mwezi.

Tangu hapo kodi inaingia kwenye akaunti ya nyumba, siyo kwenye mkoba wangu. Ikiingia kodi ya miezi sita, natoa sehemu ya mwezi mmoja kila mwezi, kama mshahara, na katika huo mwezi mmoja robo naiacha palepale kwa ajili ya nyumba yenyewe. Mwanzoni ilinuma sana. Unaona namba kwenye simu, una shida, na huigusi. Lakini mwaka wa pili wa utaratibu huo niliweza kuchimba shimo jipya kubwa bila kumpigia mtu simu.

Nimeanza na hili kwa sababu linanisaidia kusema na mengine yote. Anayeanza huuliza, "Hii nyumba itaniingizia ngapi?" Mimi namwomba aulize kwanza, "Nitadaiwa na nani?" Wadai wako ni wengi, na wengine walikuwa wanakudai kabla hujanunua hata tofali.

Tuje kwenye kiwanja.

Kiwanja changu cha kwanza kabisa sicho hicho cha Kimara. Nilinunua kingine mwaka 2003, kwa shilingi 1,200,000 ambazo nilizikusanya kwenye michezo ya upatu kwa miaka minne. Aliyeniuzia alikuwa kijana mstaarabu, mtoto wa kwanza wa marehemu mwenye eneo. Alinionyesha mahali alipozikwa baba yake. Tuliandikishiana, tukapigiwa mhuri, mashahidi wakasaini. Nilikuwa na karatasi yenye mhuri, nikalala usingizi wa mtu mwenye kiwanja. Miezi minane baadaye nikakuta tofali zimeshushwa palepale. Dada zake wawili walikuwa wamekwenda mahakamani, wamefungua mirathi, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa hakuwa yule kijana. Kijana alikuwa ameuza mali ambayo hakuwa na mamlaka ya kuiuza. Pesa yangu alikuwa ameshaila. Mhuri niliokuwa nao ulithibitisha kwamba tumeuziana, basi. Haukuthibitisha kwamba kilikuwa chake.

Kwa hiyo eneo la marehemu, hata ukiambiwa familia yote imekubali, hata bibi mwenyewe akikukaribisha chai: omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Anayeuza awe ndiye aliyetajwa humo, na warithi wajue. Barua ikikosekana, mshukuru bibi kwa chai uondoke.

Muuzaji akiwa hai na ana ndoa, mwangalie na mwenzake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Mke anaweza kuwa yuko Songea anauguza mama yake, wewe unaambiwa "mke wangu anajua." Asaini. Mpigie simu, msubiri arudi, au msafiri mkamfuate. Nimeona mama aliyerudi na mabegi yake akakuta watu wengine wamekaa sebuleni kwake, na mahakama ikamsikiliza. Wale walionunua walikuwa watu wema kabisa, vijana wawili wafanyakazi, na waliteseka sana.

Halafu nendeni ofisi za ardhi. Kama eneo lina hati, kuna daftari la Msajili wa Hati, na unaweza kuomba upekuzi rasmi ukaambiwa hati ni ya nani, ya miaka mingapi, na kama imewekwa rehani benki. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Wewe unapewa haki ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99, na kwa haki hiyo unalipa kodi ya ardhi kila mwaka. Muulize muuzaji stakabadhi za kodi hiyo. Akiwa na malimbikizo ya miaka kumi, malimbikizo hayo hayafi kwa sababu kiwanja kimebadilisha mikono.

Maeneo mengi tunayomudu walimu hayana hati. Nayajua, nami nimenunua huko. Hapo majirani ndio daftari. Nenda bila dalali, nenda bila muuzaji, siku ya kawaida jioni watu wakiwa wamerudi. Msalimie jirani wa kila upande, umuulize mpaka uko wapi na eneo ni la nani. Jirani mwenye mgogoro na kiwanja hicho hawezi kujizuia, atasema ndani ya dakika tano. Na ukiafikiana bei, majirani wa pande zote nne wasaini. Mchukue mpima ardhi kabla ya kulipa, siyo baada. Mwalimu mwenzangu alijenga kwa kufuata mnazi, maana muuzaji alimwambia mpaka ni mnazi. Upimaji ulipopita mtaani bikoni, yale mawe ya mpaka, zikaangukia ndani ya chumba chake cha mwisho, mita moja na nusu. Alikuwa amemjengea jirani nusu ya chumba.

Barabara nayo ni mdai, tena mkubwa. Wengi wetu hapa tulishuhudia mwaka 2017 nyumba zilivyobomolewa kuanzia Kimara kwenda Mbezi na Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya barabara kuu mita 30 kila upande kutoka katikati, ambapo zamani ilikuwa 22.5, lakini kwa kipande kile hifadhi ilikuwa ni zaidi ya mita 100 kila upande. Rafiki yangu alikuwa na fremu nne za maduka, nzuri, zinaingiza kuliko vyumba vyangu vyote. Siku ile nilikwenda kumsaidia kubeba. Tulikuwa tunang'oa fremu za madirisha zikiwa nzima ili aziuze, vumbi limemjaa kwenye nyusi, na alikuwa anarudia tu, "Nilikuwa na umeme hapa. Nilikuwa na maji." Ndiyo, aliwekewa umeme, aliwekewa maji, alilipa bili miaka yote. Nawaomba mlishike hili: kuunganishiwa umeme hakumaanishi eneo ni halali kujengwa. Nguzo inafuata nyumba. Ukiona kiwanja kando ya barabara kubwa kinauzwa rahisi kuliko cha ndani, jiulize kwa nini, kisha nenda ukaulize kwa wenye barabara.

Na maji. Desemba 2011 mvua zilijaza bonde la Msimbazi, watu wakapoteza maisha na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, nyumba za bondeni zikawekwa alama ya X nyekundu na bomoabomoa ikaanza. Baadhi ya nyumba zile zilikuwa za kupangisha. Kiwanja cha bondeni kinaonyeshwa Agosti, vumbi linapepea, upepo mzuri. Mimi nawashauri nendeni kuangalia kiwanja Aprili, mvua ikiwa inanyesha, na viatu vya mpira. Ukifika na gari likazama, umeshajibiwa. Angalia kuta za nyumba za jirani: maji yaliyoingia ndani huacha mstari wa kahawia, na mwenye nyumba akipaka rangi mpya mstari unarudi.

Ujenzi sitauzungumzia sana, mafundi wenyewe wamo humu. Nitasema moja tu, kwa ajili ya wenzangu waliobakiza miaka miwili au mitatu kustaafu. Kiinua mgongo kinaingia, mtu anachora vyumba kumi, anapandisha kuta zote kumi kwa pamoja kwa sababu anataka amalize mara moja. Pesa inakwisha kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Sasa ana kuta kumi zisizo na paa. Napita kila wiki kwenye jengo la namna hiyo; nondo zimeshika kutu, zimetoa machozi mekundu ukutani, na mche wa mpapai umeota kwenye chumba cha nne na unazaa. Mwenye jengo ni mtu ninayemheshimu sana, alinipokea nilipokuwa mwalimu mpya. Hakuna mpangaji anayelipia ukuta. Jengeni viwili, paueni, pigeni lipu, wekeni mlango na choo, mpangaji aingie. Kisha viwili vingine. Na kiinua mgongo kisiende chote. Kuna ugonjwa, kuna uzee, na chumba huwezi kukimega dirisha ukalipe hospitali.

Sasa hesabu, na hapa naomba wanaoandika waandike, maana ndipo fomu nyingi za mkopo zinapokosea.

Vyumba vyangu sita siku hizi ni shilingi 60,000 kila kimoja. Kijana anapiga: sita mara 60,000 ni 360,000, mara kumi na mbili ni 4,320,000. Tuseme kiwanja na ujenzi vimemgharimu milioni 32. Anagawanya, anapata miaka saba na miezi michache pesa imerudi, anasaini mkopo. Mwaka jana wangu mimi ulikuwa hivi. Vyumba viwili vilikaa wazi miezi mitatu kila kimoja, 360,000 sikuziona. Mpangaji mmoja aliondoka na deni la miezi miwili, 120,000. Gari la kunyonya lilikuja mara tatu, 300,000. Pampu na mabomba, 240,000. Bati tano, rangi na vitasa, 410,000. Kodi ya jengo, 18,000. Jumlisha: 1,448,000. Kilichobaki ni 2,872,000, na hapo sijalipa kodi ya mapato. Kwa kiasi hicho, milioni 32 zinarudi kwa miaka kumi na moja. Na ilikuwa ni mwaka mzuri.

Sasa weka mkopo juu yake. Milioni 10 kwa riba ya asilimia 16 ni 1,600,000 ya riba peke yake kwa mwaka wa kwanza. Vyumba sita vimekuachia 2,872,000. Mnaona kilichobaki kilivyo kidogo, na chumba kimoja kikikaa wazi zaidi kinatoka humo. Sisemi msikope. Mimi mwenyewe nimekopa humu. Nasema rejesho la mkopo liwe lile ambalo mshahara wako ungeweza kulilipa hata kama vyumba vyote vingekuwa wazi miezi mitatu. Kama haliwezekani, mkopo ni mkubwa kuliko wewe, punguza.

Kuna jambo la kodi ya jengo niligusie, maana linaleta ugomvi usio na sababu. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ilikuwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ni 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo. Kwa kuwa anayenunua umeme ni mpangaji, anakulipia wewe. Kwa mwaka ni 18,000. Mimi nairudisha: wakati wa kulipa kodi mpya napunguza, naandika. Ni pesa ndogo, lakini mpangaji akiona humuonei kwenye 18,000, atakuamini kwenye mambo makubwa. Na ukipangisha kampuni au taasisi, fremu au nyumba nzima, ujue watakata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kukulipa. Umepanga bei ya 500,000, utapokea 450,000. Dai cheti cha hayo makato, kitakusaidia ukienda kufanyiwa hesabu ya mwaka. Nimemwona mtu akimtukana mhasibu wa watu kwa jambo hili.

LUKU yenyewe. Vyumba sita, mita moja, wachange elfu tano tano. Mmoja ana friji la kugandisha barafu za kuuza. Mwingine anapiga pasi sare za watoto watatu kila alfajiri. Wa tatu ana taa moja na chaja ya simu, na mchango ni uleule. Wiki ya tatu umeme unakwisha saa mbili usiku na hakuna anayetaka kununua. Wanakaa gizani wanasikilizana. Kutoka hapo watu wazuri wanahama, na unabaki na wagomvi. Wekeni mita ndogo ya kila chumba tangu siku ya kwanza ya kutandaza nyaya. Mafundi wa umeme wanazijua, na gharama yake mimi niliirudisha mwaka uleule kwa vyumba kutokukaa wazi.

Wapangaji. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Dalali ni mtu wa kazi, ana familia, na kodi ya mwezi mmoja anayoichukua ameifanyia kazi kwa miguu. Lakini dalali asishike ufunguo na asishike kodi. Pesa iingie kwenye akaunti yako, na ufunguo utoke mkononi mwako kwenda mkononi mwa mpangaji, ana kwa ana. Ukimwachia dalali vyote viwili, iko siku utakuta familia mbili mlangoni na mizigo, kila moja ina risiti ya chumba kimoja.

Kabla ya ufunguo, kaeni mwandike. Mkataba wa ukurasa mmoja unatosha ukitaja chumba, kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, siku za notisi kwa pande zote mbili, nani analipa maji na taka, nani anatengeneza nini. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu mmoja, barua ya serikali ya mtaa alikotoka. Mpeleke kwa mjumbe umtambulishe. Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu siku mtakapofikishana mbele ya sheria, karatasi isiyolipiwa inaweza kukataliwa kuwa ushahidi. Na kabla hajaingiza godoro, pigeni picha chumba pamoja: kuta, dirisha, swichi, kitasa, vioo. Nyote wawili mbaki nazo kwenye simu. Nilikuwa nagombana na wanaohama juu ya kioo kilichopasuka, nani alikipasua. Tangu nianze picha sijagombana tena juu ya kioo.

Halafu inakuja siku mpangaji hana kodi. Itakuja. Nimeona mwenye nyumba amepanda juu anang'oa bati, ndani kuna mama na watoto, mvua inakuja. Nimeona mlango umetolewa bawaba ukaegeshwa ukutani. Nimeona kufuli limewekwa juu ya kufuli la mpangaji, na dawa za mgonjwa ziko ndani. Wenye nyumba hao walikuwa wanadai kihalali kabisa. Walipofanya vile wakageuka kuwa wanaodaiwa: vitu vilivyopotea, vilivyolowa, heshima ya mtu. Usifanye hivyo hata kama una hasira, hata kama mtaa mzima unakuunga mkono.

Ninachofanya mimi, sisubiri. Kodi ikipita siku kumi nakwenda mwenyewe, jioni, nakaa, naongea. Mara nyingi kuna jambo: kazi imekatika, kuna msiba, mtoto kalazwa. Tunaandika tarehe. Tarehe ikipita, notisi ya maandishi, mjumbe akiwa shahidi. Ikishindikana kuna sheria: baraza la kata kazi yake sasa ni kusuluhisha, na shauri lenyewe linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni safari ndefu. Ndiyo sababu yule niliyewaambia aliondoka na deni la 120,000 nilimsamehe na nikamchangia nauli ya kirikuu abebe vitu vyake. Chumba kilipata mtu mwingine wiki mbili baadaye. Kama ningekaa naye barazani nusu mwaka, ningepoteza mara tatu ya hiyo, na wangekaa watoto wake wakituangalia tunavyochukiana.

Mnanisikia nikisema wapangaji, wapangaji. Yule mama wa kwenye tofali alikaa kwangu miaka tisa. Mtoto aliyekuwa mgongoni alianzia darasa la kwanza palepale kwangu. Alikuwa ananiambia bati limeanza kuvuja kabla halijaozesha mbao, ananiambia pampu inalia vibaya kabla haijaungua. Kwa miaka tisa sikuwahi kutafuta dalali wa kuniletea mtu wa chumba kile. Sijui hesabu gani ya benki inaweza kuandika thamani ya mpangaji wa namna hiyo, lakini katika zile 1,448,000 nilizopoteza mwaka jana, nusu nadhani ingebaki mfukoni kama ningekuwa na watu sita kama yeye.

Muda wangu umekwisha, Katibu ananionyesha saa. Nimekuja na daftari langu la jalada gumu, nililoanza nalo mwaka 2009. Ukurasa wa kushoto ni wa kila chumba: tarehe ya kuingia, alicholipa, mwezi kodi yake inapokwisha. Wa kulia ni nilichowadai na nilichodaiwa nao, pamoja na matengenezo. Majina ya watu nimeyabandikia karatasi. Naliweka hapa mezani mpaka saa nane. Mwenye simu na apige picha mistari yake akachore kama hivyo, na mfungue kwanza pale nilipokunja kona, Aprili 2010, penye wino mwekundu: gari la choo, 70,000, nimekopa kwa jirani.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.